Sewa Haji wa Bagamoyo na Mahali Alipoiweka Mali Yake



Mwezi uliopita, katika darsa letu hapa Longisa, lilizuka suali ambalo hatukuweza kulimaliza usiku ule. Fedha zilikuwa zimekwisha kukusanywa, wala hazikuwa nyingi: baadhi yake zimetoka kwa ndugu waliopata bonasi ya majani chai, na baadhi kwa wenye maduka ya sokoni. Mmoja wetu alitaka zipelekwe kujenga msikiti wa mji wa mbali, ambao picha yake ililetwa kwa simu. Mwengine alitaka wapewe mayatima. Mzee wetu mmoja, ambaye kwa kawaida husikiliza tu, akauliza kwa nini tusiwatazame wagonjwa waliolala katika hospitali ya hapa hapa Longisa. Akajibiwa kuwa wengi wa wagonjwa wale si Waislamu. Hapo sauti zikapanda, na kikao kikafungwa bila ya shauri.

Nasi hatuna budi kukiri jambo ambalo wengi wa wanadarsa wanalijua na kwa adabu yao hawakulitaja usiku ule. Miaka michache iliyopita alitujia mgeni mwenye kanzu safi na daftari la stakabadhi, na barua iliyopigwa muhuri, akiomba msaada wa madarasa. Tulimsimamisha mbele ya watu baada ya sala, tukamsifu, na watu wakatoa kwa kuamini maneno yetu. Baadaye ndugu yetu mmoja alifika katika mji uliotajwa, akaonyeshwa kiwanja, na kiwanjani pakiwa na mahindi. Tangu siku ile mkono wetu huwa mzito tunapotakiwa kumtambulisha mtu. Walakini kuwa na mkono mzito si elimu. Mwenye kumnyima kila mtu kwa khofu ya kudanganywa hajui kuchagua zaidi ya yule anayempa kila mtu.

Kwa hivyo tumeona bora, badala ya kutoa jawabu la haraka, tusimulie maisha ya mtu mmoja wa pwani ya Afrika Mashariki ambaye suali hili lilimkabili kwa mali nyingi, na jawabu alilolitoa laweza kuonekana mpaka leo.

Mtu huyo ni Sewa Haji Paroo. Alizaliwa mwaka 1851 katika ukoo wa Makhoja wa Kiismaili waliotoka Kutch, katika Bara Hindi, na ambao biashara yao ilikuwa Unguja na Bagamoyo. Madhehebu yake si yetu, wala hatuandiki makala haya ili kuyapima madhehebu. Tunachotaka kukitazama ni namna alivyotoa.

Ili msomaji amfahamu Sewa Haji hana budi kuifahamu Bagamoyo ya zama zile. Ulikuwa ndio mlango mkubwa wa bara, unaokabiliana na Unguja. Misafara kutoka Unyamwezi na Ujiji na Uganda ilishukia hapo ikiwa na pembe za ndovu, na ilipandia hapo ikiwa na merikani na kaniki, ushanga, masango, bunduki na baruti. Hapakuwa na reli wala gari, na mnyama wa kubeba hakuishi muda mrefu kwa sababu ya mbung'o. Kila kitu kilikwenda juu ya kichwa au bega la mwanadamu, mzigo mmoja kiasi cha frasila mbili, kwa safari ya miezi. Katika msimu wa misafara mji ulijaa wapagazi kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi na Wasukuma. Wengine walifika wakiwa na ndui, wengine na vidonda vya miguu vilivyooza njiani, na wengine walifika wakafa wala hapana aliyejua majina yao.

Katika mji huo kijana Sewa aliingia dukani mwa jamaa zake, na kazi aliyoijua kuliko wote ikawa ni hii ya kuwaandaa wasafiri: kuwatafutia wapagazi, kuwauzia vitu vya kubadilishana, na kuwakopesha mpaka pembe zirudi. Mapema mwaka 1871 alifika Bagamoyo Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York, akijitayarisha kwenda kumtafuta Livingstone. Katika kitabu alichokitoa mwaka uliofuata amemlaumu vikali kijana mmoja wa Kihindi wa Bagamoyo, wa umri wa miaka kama 20, aliyempatia wapagazi: kwamba alimzidishia hesabu, na kumpa nguo duni kwa bei ya nguo njema. Jina ameliandika kwa matamshi yake ya kigeni, Soor Hadji Palloo, na kijana huyo huchukuliwa kuwa ndiye Sewa Haji wetu.

Stanley hakuwa mtu wa kupima maneno yake, na waliomchunguza baadaye wamemkuta na chumvi nyingi. Hata hivyo hatupendi kuipita khabari hii kimya kimya, kama wafanyavyo waandishi wanaotaka kila mfadhili awe walii tangu utotoni. Twaichukulia kuwa yawezekana. Kijana wa miaka 20 katika soko la namna ile, aliyejifunza kwamba mgeni haijui bei, si ajabu kuwa alimpunja. Na hata tukimwacha Stanley na malalamiko yake, biashara yenyewe ya misafara haikuwa safi. Mikopo yake ilikuwa na ziada nzito, baruti yake ilikwenda kwenye vita vya bara, na katika mizigo ile mlikuwa na jasho la watumwa. Mwenye kutajirika Bagamoyo katika miaka ile hakuweza kusema kuwa kila rupia yake aijua ilikotoka.

Hapa pana mas'ala ambayo vijana wetu huyauliza sana: je, mali iliyochanganyika yafaa kutolewa sadaka? Wanazuoni wamesema kwamba kilichojulikana kuwa ni cha mtu fulani hurudishwa kwa mtu huyo, na sadaka haikitakasi. Ama kisichojulikana mwenyewe, mtu hukitoa katika maslaha ya watu wote ili akivue shingoni mwake, wala asitarajie kusifiwa kwacho. Hatujui Sewa Haji aliyafikiriaje mambo haya, kwani moyo wa mtu haumo katika daftari lake la biashara. Lakini tukitazama pahala alipopeleka mali yake twaona jambo la kustaajabisha: imewarudia watu wale wale ambao migongo yao ndiyo iliyoileta.

Mambo ya pwani yakabadilika ghafula. Mwaka 1888 Wajerumani walipotaka kuitawala Mrima, watu waliinuka, na Bagamoyo ikawa katikati ya vita. Abushiri bin Salim, aliyeongoza mapambano, alinyongwa Pangani mwezi wa Disemba 1889. Bagamoyo ikawa makao ya utawala mpya mpaka mwaka 1891, makao yalipohamishiwa Dar es Salaam. Wafanya biashara wakubwa walilazimika kuchagua baina ya kuhama na kuishi na watawala wapya. Sewa Haji alibaki, biashara yake ikaendelea, na katika miaka michache iliyobakia ya umri wake ndipo alipotoa vitu ambavyo kwavyo jina lake limebaki.

Cha kwanza tutakachokitaja ni shule. Alikuwa na jengo kubwa la ghorofa katika mji wa Bagamoyo, akalitoa kwa serikali liwe chuo, lakini akaweka sharti: watoto wa kila rangi na kila kabila wapokelewe humo. Ndugu msomaji, lipime sharti hili kwa zama zake. Serikali ile ilikuwa imewatenga watu kwa rangi katika kila jambo, na jamaa zake mwenyewe wa Kihindi wengi walipenda watoto wao wasome peke yao. Ingekuwa rahisi kwake kuwajengea watu wa jamii yake, na wangemshukuru sana. Kuwasaidia jamaa si dhambi, bali katika dini yetu jamaa wana haki ya kutangulizwa. Lakini yeye aliona kuwa katika mji ule mtoto wa mpagazi na mtoto wa mwenye duka wataishi pamoja wakitaka wasitake. Jengo hilo bado lipo, nalo ni shule ya msingi ya Mwambao.

Twalitilia mkazo neno hili la sharti kwa kuwa watu wetu hudhani kwamba kuweka sharti katika sadaka ni ubakhili au ni kumtilia shaka mwenzio. Sayyidna Umar bin Al-Khattab, radhi za Allah zimshukie, alipopata ardhi ya Khaybar na kumwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, kutaka shauri, alielekezwa aizuie asili yake na kulitoa pato lake. Naye akaandika masharti waziwazi: haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, na pato lake ni la mafakiri na jamaa na kuwakomboa watumwa na wasafiri na wageni. Wala hakuishia hapo, bali alimruhusu msimamizi ale katika pato hilo kwa wema bila ya kujilimbikizia.

Neno hili la mwisho lafaa kusomwa mara mbili na wale wasemao kuwa chama chochote kinachomlipa karani wake ni cha wezi. Hata katika zaka, ambayo mafungu yake manane yametajwa katika Kurani, wanaoitumikia wamepewa fungu lao. Suali la haki ni hili: karani amekula kiasi gani, na je, hesabu imeonyeshwa? Yule mgeni wetu wa kanzu safi alituambia kuwa yeye hachukui hata senti moja, na sisi tukaliona neno hilo kuwa ndilo sifa yake kubwa. Laiti tungemwuliza, mtu asiyechukua kitu, na asiye na shamba wala duka, nauli yake aipata wapi?

Kisha ikaja hospitali ya Dar es Salaam. Mji ulikuwa mpya, watu wanamiminika kutafuta kazi, na maradhi yanamiminika pamoja nao. Sewa Haji alitoa rupia 12,400 ili ijengwe hospitali ya watu wasio Wazungu. Wazungu walijengewa yao ufukweni, ile iliyojulikana baadaye kwa jina la Ocean Road. Kwa hivyo mwaka ule wa 1897 mji mmoja ulikuwa na nyumba mbili za wagonjwa, moja kwa fedha za dola na nyengine kwa fedha za mfanya biashara wa Bagamoyo, nayo ndiyo iliyowapokea Waafrika na Wahindi walio wengi. Yuko atakayesema kwamba Sewa Haji aliibebea serikali mzigo uliokuwa wake, na kwamba mtoaji anayeziba pengo la mtawala humwezesha mtawala kuliacha pengo. Hoja hii ina nguvu, nasi twaisikia hata leo katika khabari za hospitali zetu za kaunti. Jawabu letu ni kwamba mgonjwa wa homa hangojei hoja iishe. Atakaye aidai serikali, na aidai kwa sauti, na huku akimpa maji mgonjwa.

Tufikie sasa khabari iliyo nzito zaidi kwetu sisi watu wa vyuoni, nayo ni ya wakoma. Bagamoyo walikuwako wakoma wengi, watu waliofukuzwa majumbani na kuombaomba kando ya njia za misafara. Waliokubali kuwaosha vidonda walikuwa mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, ambao misheni yao ilianza hapo mwaka 1868, pamoja na masista wao. Sewa Haji aliwasaidia katika kazi hiyo. Mtu wa Kiismaili, katika mji wa Waislamu, akipeleka mali yake kwa mapadri!

Tuliposoma khabari hii mara ya kwanza tulikasirika. Tulisema, je, hakuwako Muislamu wa kupewa? Kisha tukajiuliza kwa insafu: alikuwako nani? Misikiti ilikuwako, na mashekhe walikuwako, na maulidi yalisomwa kwa ubani na halua. Nyumba ya wakoma haikuwako. Mwenye mali aliyetaka mkoma wa Bagamoyo aoshwe kidonda chake hakuwa na mlango mwengine wa kubisha. Basi hasira yetu tumeihamisha kutoka kwake tukaielekeza kwetu sisi.

Na katika hukumu hapana tatizo kama watu wadhanivyo. Zaka ina watu wake, na wanazuoni walio wengi hawaoni kuwa hupewa asiye Muislamu, ila katika fungu la wanaotiwa nguvu nyoyo zao, na hilo nalo lina maneno mengi. Ama sadaka ya khiari, mlango wake ni mpana. Kurani imewasifu wanaomlisha maskini na yatima na mateka, na mateka wa zama zile walikuwa ni makafiri. Lililobaki ni kutazama: je, fedha yako yaenda kwenye kidonda, au yaenda kumvuta mgonjwa aiache dini yake? Hilo ni jambo la kuulizwa na kufuatwa mpaka mwisho. Mwenye kutoa vitu maalumu kwa kazi maalumu, na akenda kutazama, ana salama zaidi kuliko mwenye kutupa fedha katika mfuko wa jumla na kugeuza uso.

Sewa Haji hakuwa na umri mrefu. Alifariki Unguja tarehe 10 Februari 1897, akiwa na miaka 46, mwaka ule ule hospitali yake ilipofunguliwa. Na hapa katika wasia wake ndipo tunapoona akili ya mfanya biashara ikitumika kwa kheri. Nyumba na ardhi zake za pwani aliziusia chini ya mkono wa serikali, na pato lake akalielekeza kwa wakoma na kwa chakula cha wagonjwa maskini hospitalini. Hakuridhika na kuta. Alijua, kama ajuavyo kila aliyewahi kuandaa msafara, kwamba wapagazi 100 wasio na posho hawafiki hata Mpwapwa. Nyumba ya wagonjwa isiyo na posho ni hivyo hivyo: itafunguliwa kwa shangwe, itapakwa chokaa, na mwaka wa pili wagonjwa watalala na njaa. Wangapi katika watoaji wetu hupenda jina lao liandikwe juu ya mlango, na ni wangapi hupenda kulipia maharage ya mwezi wa Juni?

Biashara yake ilimwangukia Allidina Visram, aliyefika Bagamoyo kijana mdogo kutoka Kutch na kufundishwa kazi chini yake. Huyo ndiye aliyeeneza maduka kando ya reli ya Uganda, na kwa jina lake ikajengwa shule inayojulikana Mombasa. Nasi tungependa siku moja kuyaandika maisha yake peke yake.

Ama wasia, ulimuweka Sewa Haji katika hatari ambayo kila mtoaji aijue. Aliikabidhi mali kwa dola ya Kijerumani, na dola hiyo haikudumu miaka 20 baada yake. Waingereza waliiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Mwenye kumkabidhi mtawala amana yake, amana hufuata bahati ya mtawala. Lau angeiweka wakfu chini ya wasimamizi wa Kiislamu, je, ingesalimika zaidi? Twapenda kusema ndiyo, lakini tumeona wakfu za pwani zilivyoliwa na wajukuu wa wasimamizi, na ulimi wetu wasita. Hospitali kwa hakika iliishi. Iliendelea kuitwa kwa jina lake na kuwapokea watu mpaka mwaka 1956, ilipofunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikawa Muhimbili. Jengo la zamani limeondoka, lakini Muhimbili pana wodi ziitwazo Sewahaji mpaka leo, na mtu wa Dar es Salaam akikwambia kuwa baba yake amelazwa Sewahaji huenda hajui kabisa kuwa hilo lilikuwa jina la mtu.

Tulipoyaeleza haya katika darsa, yule ndugu aliyetaka kupeleka fedha kwenye msikiti wa mbali aliuliza kama makusudio yetu ni kuwazuia watu kujenga misikiti. Hasha. Tulimwomba jambo moja tu: atuletee jina la msimamizi, na hati ya kiwanja, na mtu tunayemjua ambaye amesimama pale kwa miguu yake. Ameahidi kufanya hivyo, nasi twamngojea. Fungu la mayatima tumeliweka kando, kwa kuwa lina fedha za zaka ndani yake, nazo zitagawiwa kwa wanaostahiki tunaowajua kwa nyumba zao.

Sehemu iliyobaki, ambayo ni sadaka ya khiari, imekubaliwa na walio wengi, si wote, kwamba itumike kwa wagonjwa wa hapa Longisa wasio na jamaa wa karibu wa kuwaletea chakula, bila ya kuulizwa dini zao. Tumekataa kutoa fedha mkononi mwa mtu. Tutanunua maziwa, unga na sabuni. Ndugu wawili watakwenda kila Jumapili na kila Jumatano kwa idhini ya wauguzi, mmoja katika wanaokubali shauri hili na mmoja katika wasiolikubali, ili mwenye shaka aone kwa macho yake. Mzee wetu aliyeuliza suali la kwanza ameomba awe wa kwanza kwenda, nasi tumemkubalia, ingawa goti lake lamsumbua na njia ina matope msimu huu.

Hesabu itasomwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi baada ya sala ya Alasiri, na daftari litakuwa wazi mezani kwa kila aliyetoa na kila asiyetoa.

Wabillahi tawfiq.